Nyekundu Mdomoni

Rangi ya kijani ni chungu. Njano ina ladha ya udongo. Nyekundu haina ladha yoyote, na ndiyo sababu mtu husahau kuifuta. Nayajua haya kwa kuwa miaka yote ya kazi yangu nilinoa ncha ya burashi kwa midomo, kama nilivyofundishwa. Ninyi, Neema na Jérémie, mlinikuta nikifanya hivyo, mkanitazama kama mtu anayekula sabuni. Msiniige. Kitambaa kinatosha, na rangi nyingine ni sumu. Lakini mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu, nami siwezi kuisimulia bila kupitia mdomoni.

Vyeo sitavitaja. Nilikuwa mchoraji wa mimea siku ya kwanza na siku ya mwisho. Katikati walibadilisha tu maneno ya mlangoni.

Wazazi wangu walifariki mmoja baada ya mwingine, mama kabla matanga ya baba hayajaisha vizuri. Tulibaki watano katika nyumba ya udongo hapa Bunia: mimi mkubwa, Jeanne anayenifuata, mapacha wa kiume Upio na Udongo, na Justin ambaye alikuwa bado anaogopa kuku. Niliacha shule katikati ya mwaka wa sita. Hakuna aliyeniambia niache. Niliona tu kwamba mtu mmoja lazima awe nje ya darasa ili wengine wawe ndani.

Masoeur, wale watawa wa kike, walinichukua kumwagilia bustani yao, ile iliyopakana na kituo chetu cha mimea. Mnaiona leo imebaki mistari miwili ya maua. Wakati ule mawaridi, roza kama tunavyosema hapa, yalifika hadi ukutani. Kila asubuhi alitoka mzee mmoja kutoka kituoni na kisu kidogo, amevaa tai, akapita katikati ya maua kama mtu anayemtafuta mdaiwa sokoni. Huyo ndiye Papa Faustin. Alichora mimea kwa ajili ya shule na kwa ajili ya wauguzi, muhogo, mwarobaini, mikunde, na masoeur walikuwa wamemwomba awachoree kila aina ya waridi iliyokuwa bustanini kabla miti haijazeeka. Siku za Jumapili aliongoza kwaya ya parokia. Watu walipomwona njiani walivua kofia.

Siku moja mguu ulimuuma akaniambia, "Binti, niletee roza moja."

Nikachagua lililofunguka kuliko yote, halina doa. Akaligeuza mkononi, akanirudishia.

"Hii ni ya arusi. Niletee ya kuchora."

Sikuelewa. Akanifafanulia kwamba la kuchora ni lile ambalo bado linafunguka, liko na shina lake, na miiba, na jani lililoliwa na mdudu, na karibu yake pawe na chipukizi ambalo bado limefumba. Nilipouliza kwa nini jani bovu, alisema, "Juu mududu naye alikuja kazini." Nikaleta la pili, na la tatu. La nne alilipokea. Kesho yake akaniambia niache ndoo niketi.

Kwa muda mrefu sikugusa rangi. Nilichora pembe za majani kwa kalamu ya risasi ngumu, meno ya jani moja moja, kwa sababu jani la waridi lina meno kama msumeno na mchoraji mvivu huyafanya yote sawa. Halafu akanionyesha kile ninachowaonyesha wote wanaofika hapa, vile vijani vitano vinavyoshika ua kwa chini. Mtu asiyetazama huvichora vyote vya namna moja. Vitazame kwa lupe, kile kioo cha kukuzia: viwili vina ndevu pande zote mbili, viwili havina ndevu kabisa, na kimoja kina ndevu upande mmoja tu. Daima hivyo. Nilicheka kwa sauti, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni sisi pale nyumbani: mapacha, wasichana wawili, na Justin ambaye hajajua yuko upande gani. Papa Faustin hakucheka. Alisema, "Basi hutasahau."

Rangi ilikuja baadaye. Waridi halikungoji, linafunguka huku unalichora, kwa hiyo ua kwanza, asubuhi, majani mwishoni. Hata kama ni jekundu sana unaanza na maji yenye rangi kidogo, unaacha yakauke, unarudi, unaacha, unarudi. Mwanga huupaki, ni karatasi yenyewe uliyokumbuka kutoigusa. Na kwa kila mwiba, kila mshipa wa jani, burashi iwe na ncha ya nywele moja. Ncha hiyo Papa Faustin aliitengeneza kwa midomo. Kila alipomaliza alitoa leso mfukoni na kujifuta, na mtu akigonga mlango alijifuta kabla ya kusema "ingia". Sikuwahi kuona rangi kwenye zile ndevu zake nyeupe.

Mimi sikuwa na leso.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nyumbani sikusema ninachora. Nilisema ninafua nguo za masoeur. Mnacheka, lakini fikirini. Jirani yetu Mama Zawadi, aliyekuwa akikaanga mikate mbele ya nyumba yake, alikuwa akitupa maharage wiki ambazo hatukuwa na kitu. Ningemwambiaje mwanamke aliyenipa maharage kwamba tangu asubuhi nimekaa kwenye kiti ninapaka petali? Kufua ni kazi. Mtu anayefua anaweza kuinua macho. Niliona haya ya maua yale kuliko nilivyowahi kuona haya ya njaa.

Mama Zawadi alikuwa na macho. Siku moja alinishika mkono akaugeuza.

"Mufuaji gani iko na vidole laini vile?"

Kisha akatazama mdomo wangu, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulifika mbali kuliko maneno. Haikupita muda gari la samaki lilileta Baba mdogo Gaspard kutoka ziwani, upande wa Mahagi. Alikuwa mdogo wa marehemu baba yangu, mchuuzi wa samaki, mtu wa kanisa. Sitaki mumwone vibaya. Alikuwa mtu aliyeletewa habari.

Tuliketi Jumapili jioni, yeye kwenye kiti cha baba, Mama Zawadi kwenye benchi kama shahidi. Wadogo zangu walikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia Udongo akizuia kikohozi.

"Sogea hapa kwa mwanga," Baba mdogo akasema. "Mudomo yako. Hii ni nini?"

Nilikuwa nimenawa, lakini nyekundu inakaa kwenye mipasuko.

"Ni rangi, Baba."

"Naona ni rangi. Nauliza ni ya nani."

Akamgeukia jirani. "Mama huyu anasema unarudiaka na mudomo sawa bibi-arusi."

"Mie sikusema bibi-arusi," Mama Zawadi akasema. "Nilisema sawa mutu amekula kuku mubichi."

"Ni mamoja. Weye unafuaka nguo kwa masoeur, ao unafuaka nini?"

"Sifue nguo, Baba. Nachoraka."

"Unachoraka nini?"

"Roza."

Mama Zawadi akaanza kucheka taratibu, kama sufuria inayokaribia kuchemka, na Baba mdogo akamfuata. Matusi ningeyavumilia. Kicheko kile kilinishusha hadi kwenye mkeka.

"Roza iko inje, kwa lupango, kwa bustani ya masoeur, bure," Baba mdogo akasema akijipangusa macho. "Nani anaitumaka ichorwe? Na mudomo inaingia wapi?"

Nikaanza kueleza habari za ncha ya burashi. Nilijisikia nikieleza. Hata mimi nisingeyaamini maneno yangu.

Akaacha kucheka. "Sikia, mutoto wangu. Sikukuja kukupiga. Kesho gari inarudi. Jeanne na Justin watapanda, watakaa kwa mama mudogo yenu. Hawa mapacha wataenda Iga kwa mujomba, kwa machimbo ya zahabu, wanaanza kuwa na nguvu. Weye tutakutafutia bwana mbele hujajitafutia."

Nyuma ya pazia Justin aliuliza kwa sauti ndogo kama gari la samaki lina kuku.

Nilimwomba Baba mdogo kitu kimoja tu: kabla gari halijaondoka, apite kituoni aone. Alifikiri. "Nitapita," akasema, "ili usiseme sikupita."

Asubuhi nilimkuta Papa Faustin mezani. Nilipaswa kumwambia, kwa kuwa mgeni alikuwa anakuja, na nilimwambia nikitazama sakafu: kwamba watu wanasema juu ya mdomo wangu, na kwamba leo wananitenganisha na wadogo zangu. Neno lenyewe walilokuwa wakiniita sikulitamka. Aliendelea kusuuza burashi kwenye maji. Mwishoni akauliza:

"Baba mudogo yako anatiaka sukari kwa chai?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi enda ulete chai."

Nilikwenda jikoni kwa masoeur nikiwa na hasira kidogo; mtu anazama, mwingine anauliza sukari. Niliporudi na sinia, Baba mdogo alikuwa tayari amesimama mlangoni, kofia mkononi, hasongi mbele wala nyuma. Mezani alikuwa Papa Faustin na tai yake na miwani yake, na mdomo wake ulikuwa mwekundu. Haukuwa na doa tu. Ulikuwa umekolea na kuvuka mipaka, rangi imeingia kwenye ndevu nyeupe juu na chini.

"Karibu, ndugu," alisema. "Unisamehe mudomo. Niko kazini."

Akaweka burashi kati ya midomo, akaizungusha, akaitoa na ncha kali, akainama juu ya karatasi. Baba mdogo alimtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kwake.

"Muzee, weye njo unafundishaka huyu mutoto?"

"Ni mie."

"Na mudomo inakuwaka vile kila siku?"

"Siku za roza. Siku ya muhogo tunakuwaka kijani, sawa mbuzi."

Baba mdogo alishika fremu ya mlango. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Kama huyu muzee naye ni malaya," alisema, neno likatoka hivyo mbele yetu sote, "basi Bunia imekwisha." Papa Faustin alicheka naye, na meno yake yalikuwa mekundu. Baba mdogo alikunywa chai yenye sukari nyingi, akaonyeshwa vijani vitano vya waridi kwa lupe, akasema "kumbe" mara kadhaa kama mtu aliyeonyeshwa injini. Gari la samaki liliondoka siku hiyo na vikapu vitupu tu. Wadogo zangu walibaki, wote wanne.

Nilirudi ndani kutoa vikombe, ndipo nikaona meza.

Kwenye sahani ya rangi palikuwa na kijani tu. Petali zilikuwa zimemalizika tangu Jumamosi, nilikuwepo. Siku ile alikuwa kwenye meno ya majani. Hakuwa na kazi yoyote na nyekundu. Ile burashi mbele ya Baba mdogo ilikuwa na maji matupu, na sasa nilikumbuka kwamba ilisimama juu ya karatasi bila kuigusa. Na katikati ya kidonge cha nyekundu palikuwa na alama ya kidole gumba, bado imelowa.

Papa Faustin alikuwa anajifuta kwa leso, amenipa mgongo. Nikabeba vikombe, nikatoka.

Baba mdogo alikuwa mtu mwema, na watu wema wana kinywa. Alisimulia pale gari lilipopakia, alisimulia sokoni, alisimulia njia nzima hadi Mahagi. Hadithi ilipofika parokiani ilikuwa na nyama zaidi. Vijana wa kwaya walianza kumwita Papa Faustin Bibi-arusi, kwanza wakiwa mbali, kisha si mbali sana. Nilikuwepo Jumapili moja alipopita mlangoni pa kanisa na mtu akapiga vigelegele. Aliinua mkono kama anayesalimiwa. Baadaye akaacha kusimama mbele ya kwaya. Alisema ni magoti.

Mtauliza kwa nini sikumshukuru. Kumshukuru kulikuwa kusema mbele yake kwamba najua alichofanya, na alichofanya kilikuwa kujipaka mdomoni jina lililokuwa langu. Sikuweza kulitaja jina hilo. Badala yake niliweka kipande cha sabuni nyuma ya jiwe, pale kwenye bomba karibu na geti, na kila jioni, kabla ya kutoka, niliosha mdomo mpaka ngozi ikachubuka. Yeye alitembea mjini na kicheko chao. Mimi nilitoka getini safi. Nimefanya hivyo mpaka uzeeni. Ninyi mlidhani ni usafi. Neema hata aliwahi kunisifu.

Miaka iliyofuata mnaijua kwa sehemu. Kulikuwa na mmea wa kinamasi ulionuka hata masoeur wakaja kuuliza ni nani amekufa. Niliuchora kwa kitambaa puani, na katika mchoro ni mzuri sana. Kulikuwa na ule unaofumba majani ukiguswa, ambao ulifumba kila nilipopumua karibu, hadi nikajifunza kupumulia pembeni. Risasi zilipokuja tulikimbia, tukarudi, tukakuta panya wamekula karatasi na kuacha rangi. Wakati watu walikuwa kwenye mahema pale mjini, mama mmoja alisimama dirishani akinitazama nikipaka waridi, akauliza, "Hii inaponyesha ugonjwa gani?" Nikamwambia hakuna. Nilitaka kuficha karatasi. Alikaa pale hata hivyo mpaka jani likaisha, akasema "aya", akaenda zake. Hilo nalo sikulimwambia mtu.

Papa Faustin alipozeeka binti yake alimchukua kwake, kule Nyankunde. Macho yalikuwa yamekwisha. Nilimwendea kwa pikipiki, na waridi moja kwenye chupa iliyofungwa begani, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja. Nilimkuta ameketi nje, tai shingoni. Nikamwekea ua mkononi. Alilishika chini, akapitisha kidole gumba kwenye vile vijani, kimoja kimoja, mpaka akakifikia.

"Huyu wa nusu iko hapa," alisema. "Justin anafanyaka nini?"

"Anafundisha shule, Papa. Kule Mahagi."

"Na wengine?"

"Wako wote."

Akaitikia kwa kichwa, muda mrefu. Nikafungua kinywa. Sentensi ilikuwa pale pale. Yeye akanitangulia.

"Weye bado unaoshaka mudomo pale kwa robine?"

Sikujua kwamba alijua habari za bomba. "Ndiyo, Papa."

"Ile sabuni itakumaliza," alisema, akalinusa waridi, kisha akaniuliza kama mvua imeanza Bunia. Tukaongea juu ya mvua. Nilirudi na sentensi yangu nzima, haijaguswa. Alifariki kabla ya msimu mwingine wa maua, na siku ya maziko kwaya iliimba vizuri sana. Nilisimama nyuma.

Basi ikaja siku yangu ya mwisho, ambayo mliipamba kwa soda na keki, na mkuu wa kituo akaniita mama wa roza, nami nikatazama viatu vyangu. Mlipotaka tupige picha nilikataa, mkadhani ni unyenyekevu. Niliwaambia nina jani la kumalizia, na ilikuwa kweli. Lilikuwa la mwisho katika waridi la ukutani, na meno yake yako sawasawa, nendeni mhesabu. Sahani yangu ilikuwa na kijani tu.

Mlipotoka kuosha glasi, nililowesha kidole gumba, nikakibonyeza kwenye kidonge cha nyekundu, nikajipaka. Hakuna kioo mle ndani, sijui nilipaka wapi na kuvuka wapi. Alama ya kidole niliiacha. Ndiyo mliyoikuta, ile ambayo Jérémie aliniuliza kwa simu kama mtoto ameingia.

Nikapita kwenye bomba. Nyuma ya jiwe sabuni ilikuwepo. Miguu ilisimama yenyewe, kwa mazoea, kama punda mbele ya mlango wa zamani, na uso uliniwaka kana kwamba Mama Zawadi angali kwenye benchi. Nikaisukuma miguu. Mlinzi wa geti alinitazama, akatazama chini, akanitakia mapumziko mema.

Nje walikuwa vijana wa pikipiki, wamekalia mashini zao. Mmoja akaja karibu.

"Mama, tuende?" Kisha akaniona vizuri. "Eh. Mama, leo iko arusi wapi?"

"Hakuna arusi, mutoto wangu. Natoka kazini."

Akawageukia wenzake. Kicheko kilianza kwa mmoja, kikaenda kwa wa pili, kikafika barabarani, na mtu akapiga vigelegele. Nilipanda nyuma, nikashika chuma. Sikujifuta. Niliwaacha wacheke, ilikuwa zamu yangu.